IFAKARA NA VIUNGA VYAKE: MJI WENYE MAKAO MAWILI

Mkaaji wa Dar es Salaam anapolitamka jina la Kilombero, aghalabu huwa yuko dukani, mbele ya gunia lililofunguliwa mdomo, akibishana na mwenye duka kuhusu bei. Mchele ukinukia ndani ya nyumba hata jirani akajua leo kwa fulani kuna wali, basi husemwa umetoka Kilombero, hata kama kwa kweli umetoka kwingine. Lakini ni wachache kati yetu sisi wanunuzi ambao wamepata kuuona mji ulio katikati ya bonde hilo, na walio wachache zaidi ni wale waliotoka nje ya barabara kuu wakaingia mitaani mwake na vijijini mwake.

Ndugu msomaji, hasara ni yao. Ifakara haujulikani kwa kusimama sokoni. Soko lipo, nalo ni zuri: kambale na perege wakavu, ndizi, vitenge, vipuri vya baiskeli. Maduka yapo, na misikiti na makanisa, na vijana wa bodaboda wanaogombania abiria kama ilivyo katika kila mji wetu. Hayo yote utayaona kwa muda wa saa moja, kisha utajiuliza mji wenyewe uko wapi. Jibu ni kwamba uko pembezoni. Maisha ya Ifakara yanakaa katika viunga vyake, na nusu ya mwaka sehemu kubwa ya watu wake huwa hawalali mjini kabisa.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Upande wa kaskazini na magharibi imesimama milima ya Udzungwa kama ukuta, na kilele chake kirefu kinazidi mita 2,500 juu ya bahari. Chini ya ukuta huo bonde limelala tambarare, mji ukiwa katika mwinuko usiofika mita 300. Mito inateremka kwa kasi kutoka milimani, na inapofika chini hupoteza haraka yake, hutambaa, hutanuka, na wakati wa masika huungana na Mto Kilombero, ambao vitabu vya zamani huuita pia Ulanga. Hapo bonde huwa ziwa la miezi michache. Ni mojawapo ya maeneo oevu makubwa kabisa ya maji baridi katika Afrika Mashariki, na tangu mwaka 2002 limo katika orodha ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa iliyowekwa kwa Mkataba wa Ramsar. Mto huo ukikutana na Luwegu ndipo huzaliwa Rufiji, nao peke yake huupa Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake.

Kwa sababu ya utambarare huo, Ifakara ni mji wa baiskeli. Katika miji ya milimani mtu mwenye baiskeli hushuka kwa raha na kupanda kwa jasho. Hapa hakuna kupanda wala kushuka. Baba huenda nayo kazini, mama humpakia mtoto mgonjwa nyuma akampeleka hospitali, na gunia la mpunga hulazwa juu ya kiti cha nyuma likasukumwa kilomita nyingi kutoka shambani hadi mashineni. Pikipiki na bajaji zimekuja, lakini baiskeli haijang'oka.

MITAA YA MJINI

Mitaa ya Ifakara ina majina yanayosema kweli. Viwanja Sitini ni ukumbusho wa viwanja vilivyopimwa wakati mji ulipoanza kujipanga, na mwenye kupita huko hata leo ataiona mistari ya barabara iliyonyooka. Lipangalala, Mbasa na Katindiuka ni majina ya wenyeji, na ukiyasikia yakitamkwa na mzee wa Kindamba au wa Kimbunga utajua kwamba mtaa ulikuwapo kabla ya ramani. Wandamba ndio watu wa mto, wavuvi na wapiga makasia tangu zamani. Wambunga waliingia bondeni katika karne ya 19. Baadaye wakaja na wengine, Wapogoro kutoka ng'ambo ya mto, Wabena, Wahehe, Wangoni, na katika miaka ya karibuni Wasukuma, Wamasai na Wabarabaig pamoja na mifugo yao. Kiswahili cha hapa, kwa hiyo, kina ladha nyingi.

Mlabani ndipo mahali ambapo mgeni hana budi kutua kidogo. Huko ndiko iliko Taasisi ya Afya Ifakara, na habari yake ina ajabu ndani yake. Mwaka 1949 mwanazuolojia wa Uswisi aitwaye Rudolf Geigy, kutoka mji wa Basel, alifika katika bonde hili ambako mapadre Wakapuchini na masista wa nchi yake walikuwa wakitibu wagonjwa. Aliyaona magonjwa, akawaona wadudu wanaoyabeba, na mwaka 1957 akafungua maabara ndogo ya uwanjani. Miaka minne baadaye kikaanzishwa kituo cha kuwafunza waganga wasaidizi wa vijijini, mwaka ule ule wa 1961 ambao Tanganyika ilijipatia uhuru wake. Maabara ile ikakua, ikapita mikononi mwa Watanzania wenyewe, mwaka 1996 ikawa kituo kamili cha utafiti, na tangu 2008 inaitwa kwa jina lake la sasa. Leo wataalamu wa malaria popote duniani wanalijua jina la Ifakara, pengine kuliko mnunuzi wa mchele wa Kariakoo.

Pamoja na taasisi hiyo ipo Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko, inayopokea wagonjwa kutoka Kilombero, Ulanga na Malinyi, na tangu mwaka 2010 kipo chuo kikuu kishiriki cha tiba chenye jina hilo hilo la Fransisko. Kwa mji wa kiasi hiki hayo ni mengi. Vijana wenye makoti meupe wanaonunua vitumbua asubuhi kando ya njia ndio madaktari wa kesho wa mikoa mingine.

Sasa twende upande wa Mto Lumemo. Mto huu unateremka kutoka Udzungwa ukaupitia mji ubavuni, nao kwa miezi mingi ya mwaka ni mpole kiasi kwamba watoto huoga ndani yake. Lakini mvua ikizidi huko juu, Lumemo huacha njia yake na kuingia majumbani. Katika mvua kubwa za mwaka 2024 bonde zima liliteseka: nyumba, mashamba, barabara na madaraja. Katika mitaa iliyoguswa na mafuriko maji yakiondoka huacha mstari wa udongo ukutani, na mwenye nyumba akikuonyesha ukuta wake anaweza kukusomea miaka kama mtu anayesoma kalenda. Mimi naona jambo moja lapaswa kusemwa wazi. Maji hayakuufuata mji. Mji umeyafuata maji. Kiwanja kilicho juu ni ghali, na kijana anayeanza maisha hununua anachokiweza, nacho mara nyingi ni kile ambacho wazee walikiacha kwa makusudi.

KIBAONI NA BARABARA YA KASKAZINI

Kilomita chache nje ya mji njia inagawanyika, na hapo ndipo Kibaoni. Upande mmoja unakuingiza Ifakara. Mwingine unakupeleka Mlimba chini ya milima. Stesheni ya reli nayo iko huku nje, mbali na soko, jambo ambalo humshangaza mgeni anayeshuka usiku na mizigo yake. Lakini reli ya TAZARA haikuletwa kwa ajili ya Ifakara. Ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa Wachina, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ili shaba ya Zambia ipate mlango usiopitia kwa Makaburu na walowezi. Ilichagua njia yake chini ya milima, na watu wakaifuata. Vijiji vya Mbingu, Mngeta na Chita vilikuza masoko kandokando ya stesheni, na treni fupi ya wenyeji, ambayo abiria waliibatiza jina la Kipisi, ikawa ghala linalotembea: ndizi, mpunga, kuku na watu katika behewa moja. Mbele ya Mlimba ndipo reli inapopanda kwenda Makambako kwa madaraja na mahandaki mengi, kazi iliyowatoa jasho kuliko sehemu nyingine yoyote ya njia hiyo.

Barabara inayotoka Kibaoni kwenda kaskazini zamani ilikuwa adhabu. Kutoka Kidatu hadi Ifakara ni kilomita zipatazo 67, na msafiri wa masika aliweza kulala njiani ndani ya basi lililozama hadi kwenye ekseli. Lami imekwisha kuwekwa, na Agosti 2024 Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua barabara hiyo pamoja na daraja jipya la Ruaha Mkuu. Msafiri sasa anaipita Kiberege, penye gereza na mashamba yake, kabla hajamaliza chupa ya maji. Anafika Mang'ula, ambako Wachina waliweka karakana kubwa wakati wa ujenzi wa reli, na ambako leo ndipo yalipo makao ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992. Katika msitu huo kuna maporomoko ya Sanje yenye urefu wa mita 170, na kuna kima wa aina yake ambaye wataalamu hawakumjua hadi mwaka 1979. Wenyeji, bila shaka, walikuwa wakimjua siku zote.

Baada ya Mang'ula miwa inaanza, na haikomi hadi Kidatu. Kiwanda cha kwanza cha sukari cha Kilombero kilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960, cha pili kikafuata mwaka 1976, na kando yake bwawa la Kidatu lilianza kutoa umeme mwaka 1975. Huo ni ulimwengu mwingine, wa ving'ora na zamu na mishahara, na makala haya hayauingii. Ila usisahau kwamba vijana wengi wa Ifakara walishika fedha yao ya kwanza katika kukata miwa.

Rudi Kibaoni ukachukue njia ya kusini-magharibi, na utavikuta vijiji vya Idete na Namawala. Ukivipita bila kujua utadhani ni vijiji kama vingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti waliokaa Namawala, wakikamata mbu usiku baada ya usiku, walikadiria kwamba mkaaji mmoja wa kijiji aliumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Maana yake ni karibu kila usiku. Idete nako watoto 586 walishiriki katika majaribio ya chanjo ya malaria iliyobuniwa na Manuel Patarroyo wa Colombia. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1994 yalionyesha kwamba chanjo ile ilipunguza ugonjwa kwa asilimia 31. Dunia ilifurahi. Lakini majaribio ya baadaye katika nchi nyingine hayakuuthibitisha ushindi huo, na chanjo ile ikaachwa. Wazazi wa Idete, walakini, walikuwa wametoa kilicho bora kwao ili jambo lijulikane.

Kilichofaulu kilikuwa cha bei nafuu zaidi. Kuanzia mwaka 1996, kwa mradi ulioitwa KINET, vyandarua vyenye dawa viliuzwa katika wilaya za Kilombero na Ulanga, na dawa yake ikapewa jina ambalo hata asiyesoma alilielewa, Zuia Mbu. Akina mama wajawazito na wenye watoto wachanga walipewa hati za kupunguziwa bei. Hesabu zilipofanywa ilionekana kwamba uhai wa watoto wadogo waliolala ndani ya vyandarua hivyo uliongezeka kwa asilimia 27. Wale akina mama wa Dar es Salaam, Mwanza au Mbeya waliopata kushika Hati Punguzo kliniki, mpango ulioanza kuenea nchini mwaka 2004, wajue kwamba karatasi ile ilijaribiwa kwanza katika viunga vya Ifakara. Na kazi haijaisha. Katika kijiji cha Kining'ina, karibu na mji, taasisi ya Mlabani imejenga nyumba kubwa za wavu zenye vibanda, mimea na mbu ndani yake, mahali wenyewe wanapopaita mji wa mbu. Huko huchunguzwa jinsi mdudu anavyoingia dirishani na kinachoweza kumzuia. Mbu nao wanabadilika: aina moja iliyokuwa ikisumbua zamani imepungua sana, na nyingine, ambayo zamani haikutiliwa maanani kiasi hicho, ndiyo sasa inayoeneza sehemu kubwa ya ugonjwa.

MTO, DARAJA NA DUNGU

Tumeuacha upande wa kusini hadi mwisho kwa sababu huko ndiko mji wenyewe unakokwenda.

Kwa miaka mingi Ifakara uliishia mtoni. Aliyetaka kwenda Lupiro, Mahenge au Malinyi alifika kivukoni akasubiri. Akasubiri magari yajae, akasubiri maji yashuke, akasubiri injini itengenezwe. Kando ya gati kulikuwa na wauza samaki na wauza chai ambao riziki yao ilikuwa subira ya wengine. Mgonjwa wa ng'ambo naye alisubiri, na mama mwenye uchungu wa uzazi naye vilevile. Januari 2016 kivuko cha MV Kilombero II kilizama. Daraja lilikuwa tayari likijengwa, urefu wake mita 384, na Mei 2018 Rais John Magufuli alilifungua likapewa jina lake.

Ukisimama juu ya daraja hilo asubuhi utaliona bonde lote: maji ya rangi ya chai, matete, mitumbwi ya magogo, na ng'ambo kijani kisicho na mwisho. Katika matete haya anaishi ndege mdogo wa manjano, aina ya mnana, ambaye sayansi ilimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1990 na ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa katika bonde hili. Ndani zaidi wako sheshe, swala wa majimaji, ambao zamani Kilombero ilikuwa na wengi kuliko nchi nyingine yoyote.

Daraja limeondoa subira, na pamoja na subira limeondoa ukingo. Lori linafika Minepa na Lupiro siku yoyote ya mwaka. Nyumba zinafuata lami, mashamba yanafuata nyumba, na ng'ombe wanafuata majani. Mvutano wa wakulima na wafugaji ni wa zamani kuliko daraja: mwishoni mwa mwaka 2012 serikali iliendesha operesheni ya kuondoa mifugo mingi bondeni. Mwaka 2023 sehemu ya bonde iliyokuwa pori tengefu ikapandishwa hadhi kuwa Pori la Akiba Kilombero, na mpaka wake ni habari inayozungumzwa katika kila kijiwe cha kahawa. Wenye mashamba wanataka kujua kama jaruba walilolirithi liko ndani au nje. Hilo si swali dogo kwa mtu ambaye ada ya shule ya watoto wake inaota katika udongo huo. Wala si dogo kwa maji ya Rufiji, ambayo sasa yanazungusha mitambo ya umeme wa Bwawa la Julius Nyerere.

Na hapa ndipo tunapofikia makao ya pili ya mtu wa Ifakara. Mvua zikianza, mkulima wa mtaani Lipangalala au Mbasa hawezi kwenda shambani asubuhi akarudi jioni. Shamba liko mbali, maji yatafunga njia, na mpunga una maadui wengi: ndege mchana, nguruwe pori na kiboko usiku. Basi familia hufunga mlango wa mjini na kuhamia shambani, katika dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ili maji yapite chini. Ngazi ni ya miti, kuta ni za matete, jiko ni mafiga matatu juu ya udongo uliotandazwa. Mtu hukaa humo miezi mitatu, minne, hata sita.

Tatizo ni watoto. Anayenyonya huenda na mama yake, hilo halina mjadala. Lakini aliye darasa la tatu? Akienda shambani, shule inampotea katikati ya muhula. Akibaki mjini, atabaki na nani? Kama bibi yupo na ana nguvu, ni heri. Kama hayupo, utamkuta msichana wa miaka kumi na mitatu ndiye mama wa nyumba, akipika, akiwaosha wadogo zake, akifunga komeo usiku, na asubuhi akikimbia kengele. Baba hurudi kwa baiskeli siku mojamoja kuleta kisamvu na samaki na kuuliza habari. Watu wa mshahara kama sisi ni wepesi wa kuwalaumu wazazi hawa. Tungejaribu kwanza kuhesabu magunia ambayo ndege huyala katika shamba lisilo na mlinzi kwa wiki moja.

Dungu nalo lina hatari yake. Zahanati iko mbali, na homa ya mtoto haingoji maji yashuke. Watafiti walioyafuata madungu hayo baada ya mwaka 2000 walitarajia kuwakuta watu wasio na kinga, kumbe familia nyingi zilikuwa zimebeba vyandarua vyao pamoja na masufuria na mbegu. Walichokosa ni dawa karibu na mahali wanapolala.

Mei inapofika maji huanza kurudi mtoni. Mpunga umegeuka rangi. Katika mashamba ya ng'ambo watu wanakata, wanapiga, wanapepeta, na njia ya darajani inajaa. Kwanza hupita magunia, kwa malori na kwa pikipiki, kwenda mashine za kukoboa. Kisha hupita kuku waliofungwa miguu. Halafu, wiki kadhaa baadaye, hupita masufuria, mikeka na vyandarua vilivyokunjwa juu ya baiskeli, na mama nyuma yake akiwa na mtoto mgongoni ambaye alipokwenda alikuwa hajaanza kutembea. Milango ya Lipangalala iliyofungwa tangu Januari inafunguliwa mmoja mmoja. Yule msichana wa darasa la saba anakabidhi ufunguo.